Bufee ya Chakula Hai Huanza Kwenye Mkataba

Kampuni za upishi zinazopeleka chakula cha mchana maofisini, kuanzia Posta na Masaki jijini Dar es Salaam hadi Mji wa Serikali kule Mtumba, Dodoma, siku hizi zinapokea ombi jipya. Wateja hawaulizi bei na idadi ya vitoweo peke yake. Wanataka chakula kilicholimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, yaani mazao ya kilimo hai. Ombi hilo ni la haki kabisa. Mfanyakazi anayekula ofisini siku tano kwa wiki hupata huko zaidi ya milo 200 kwa mwaka, na milo hiyo hakuichagua yeye. Aliichagua afisa aliyesaini mkataba wa chakula.

Tatizo liko kwenye jibu. Mpishi akiulizwa kama anaweza kuleta chakula hai, hujibu ndiyo. Kibao kinawekwa mezani mbele ya sinia la mchicha, walaji wanaridhika, na habari inaishia hapo. Nimefanya kazi na wapishi wa aina hii kwa muda mrefu na siamini kwamba wengi wao wana nia ya kudanganya. Wanajibu ndiyo kwa sababu zabuni inadai ndiyo. Lakini mkataba huohuo unataka nyanya, karoti na tikiti maji miezi kumi na miwili, unalipa baada ya siku 60 au 90, na unampa mpishi idadi ya walaji jioni ya kuamkia shughuli. Kwa masharti hayo, hata mpishi mwaminifu kupita wote hawezi kununua kwa mkulima wa kilimo hai. Ataamka saa tisa usiku, atakwenda soko la Mabibo au Kariakoo kama wenzake, na atapakia kilichopo.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama ofisi fulani inakula chakula hai asianze kwa kuchungulia masufuria. Aombe mkataba, asome vipengele vitatu: menyu, malipo na idadi ya walaji.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachoombwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai inayotumika katika nchi za ukanda huu. Mashirika ya kilimo hai yaliyokabidhiwa alama hiyo ni TOAM kwa Tanzania, KOAN kwa Kenya, na NOGAMU kwa Uganda. Kiwango kinakataza viuatilifu na mbolea za kemikali za viwandani, kinakataza mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kinataka udongo urutubishwe kwa mboji, samadi na kubadilisha mazao shambani. Hakisemi kwamba shamba halipuliziwi kitu chochote. Mkulima wa kilimo hai hupulizia maji ya mwarobaini na pilipili, na viwango vingi duniani humruhusu hata dawa za shaba kwa kipimo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba.

Hapo ndipo maneno ya sokoni yanapotupotosha. Kuku wa kienyeji aliyelishwa pumba za mahindi yaliyopuliziwa dawa si kuku wa kilimo hai, hata kama nyama yake ni tamu na mifupa yake ni migumu. Mchicha uliolimwa bila dawa lakini ukamwagiliwa maji ya mto unaopokea majitaka ya viwandani nao haustahili jina hilo. Watafiti wamekwisha kupima mboga zilizolimwa Bonde la Msimbazi wakakuta madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Maharage yaliyolimwa vizuri kabisa Lushoto hupoteza sifa yake siku yanapochanganywa na dawa ya unga ghalani ili yasitobolewe na wadudu. Mkulima anayetaka kuilinda sifa hiyo huyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na jiko linaloyanunua lazima liyatunze mbali na yale mengine.

Tanzania si ngeni katika shughuli hii. Imo miongoni mwa nchi zenye wakulima wengi zaidi duniani waliosajiliwa katika kilimo hai. Kakao ya Kyela, pamba ya Meatu, kahawa, korosho, viungo vya Unguja na Pemba: kwa miaka mingi sehemu ya mazao haya imekuwa ikiuzwa nje ikiwa na cheti. Mnunuzi wa Ulaya husaini mkataba kabla ya msimu, hutaja tani anazotaka, huchangia gharama za ukaguzi, na mkulima hupanda akijua nani atanunua. Mboga, kunde na matunda ya kulisha miji yetu wenyewe havijawahi kupata mnunuzi wa namna hiyo kwa wingi. Ofisi yenye walaji 200 kila siku ya kazi inaweza kuwa mnunuzi huyo, kwa sababu ina jambo ambalo soko la mtaani halina: inajua leo itakula kiasi gani baada ya miezi mitatu.

Sasa tuingie jikoni, na tuanze na nyanya, maana ndiyo inayobeba bufee nzima. Imo kwenye rosti ya kuku, kwenye mchuzi wa nyama, kwenye maharage, kwenye kachumbari, kwenye pilipili ya kupikwa inayowekwa pembeni. Jiko linalolisha watu 100 halishangazi likimaliza kilo 15 au 20 kwa siku. Nyanya hiyo hutoka Ilula mkoani Iringa, Lushoto, Mgeta na kwingineko Morogoro. Tangu mwaka 2014 wakulima wa huko wanapambana na Tuta absoluta, mdudu waliyempa jina la kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inamkosa, na vizazi vinavyofuata vinakuwa sugu. Mkulima akiona dawa moja haifui dafu, anachanganya mbili au tatu kwenye bomba moja la mgongoni. Masika ikileta bakajani, anaongeza dawa ya ukungu kila baada ya siku chache kwa kuwa mvua inaiosha.

Simama stoo wakati tenga linafunguliwa. Kuzunguka kikonyo cha nyanya, kwenye kile kishimo ambacho mvua haikufika, utaona vumbi jeupe lenye umanjano limegandamana. Hayo ni mabaki ya dawa ya ukungu. Kijana wa jikoni anazimwaga kwenye beseni, maji yanageuka kama ya kuoshea mchele, anazisugua moja moja kwa kidole gumba, anamwaga, anajaza tena. Vumbi linaondoka. Kilichokwisha kuingia ndani ya tunda hakiondoki, kwa sababu dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa ili mmea uzinyonye. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Lakini bei ikipanda ghafla na dalali akipiga simu kwamba lori linakuja kesho, mkulima aliyepuliza juzi anavuna leo. Simlaumu; ana ada za watoto na deni la pembejeo. Nalaumu mpangilio unaomfanya asijue kama kesho kutwa kutakuwa na mnunuzi.

Nyanya ya kilimo hai inawezekana. Wapo wanaoilima kwa neti, kwa mitego ya kunasa nondo dume, kwa kubadilisha mazao na kung'oa mabaki yote baada ya mavuno. Ila ni chache, ina msimu wake, na masika hupotea kabisa. Haiwezi kutosheleza rosti ya kila siku ya ofisi zote zinazoitaka. Wenzangu wengi katika kazi hii hutumia nguvu zao kumtafuta muuzaji wa nyanya hai. Mimi naona jambo la kwanza ni kupunguza nyanya kwenye menyu.

Wapishi wetu wanajua namna ya kufanya hivyo bila mlaji kuona amepunjwa. Chakula cha pwani kimejengwa juu ya nazi, ukwaju, ndimu, karanga na viungo, na kina vyakula vingi visivyohitaji nyanya au vinavyohitaji moja mbili tu. Mbaazi za nazi. Samaki wa kupaka. Kisamvu kilichotwangwa kikaungwa karanga na nazi. Mchicha wa nazi, kunde, muhogo wa nazi, ndizi mbichi kwa nazi na samaki mkavu. Tazama mazao yaliyomo: mnazi ni nadra kupuliziwa dawa, muhogo na kisamvu chake vivyo hivyo, mbaazi hulimwa na wakulima wadogo wengi bila mbolea ya dukani. Mazao haya hayawi ya kilimo hai kwa sababu tu mkulima hakuwa na fedha za kununua dawa. Lazima afuate utaratibu, atunze kumbukumbu, akaguliwe. Lakini safari yake kufikia cheti ni fupi, wakati safari ya nyanya ni ndefu. Hata mafuta ya kupikia yanaweza kufuata njia hiyohiyo, kwa kuwa alizeti ya Singida na Dodoma hukamuliwa na viwanda vidogo ambavyo mnunuzi anaweza kuvitembelea na kuuliza mbegu zimetoka kwa nani.

Matunda nayo yana somo lake. Mikataba mingi hutaja tikiti maji, nanasi na papai kana kwamba mwaka hauna misimu. Kipengele kikiandikwa "tunda la msimu", mpishi anapata uhuru wa kuleta machungwa ya Muheza katikati ya mwaka, maembe na nanasi za Kiwangwa kuelekea Desemba, na parachichi za Njombe au Rungwe zinapokomaa. Na kama ofisi bado inasita, ianze na chai ya saa nne. Viazi vitamu, mihogo, magimbi na boga la kuchemsha, pamoja na karanga zilizochambuliwa, ni vitafunio vya gharama ndogo kuliko sambusa na keki, na ndiyo sehemu ya siku ambayo kupata mazao hai ni rahisi kuliko zote. Nashangaa ni kampuni chache mno zinazoanzia hapo.

Kosa jingine kubwa ni kutaka yote au kukosa yote. Mteja anasema bufee yetu ni ya chakula hai asilimia mia, mpishi anaogopa kukiri kwamba mchele na nyama si vya kilimo hai, na kuanzia hapo kila kitu kinageuka siri. Wadenmaki wametatua jambo hili vizuri. Tangu mwaka 2009 wana alama maalumu kwa majiko ya migahawa, shule, hospitali na maofisi, yenye madaraja matatu: shaba kwa jiko ambalo asilimia 30 hadi 60 ya chakula linachonunua ni cha kilimo hai, fedha kwa 60 hadi 90, dhahabu kwa 90 hadi 100. Kinachopimwa ni ununuzi wote wa jiko, kwa kilo au kwa fedha, kwa kutumia ankara. Jiko lenye asilimia 35 halina haya ya kusema lina 35, na mwakani linajitahidi kufika 45.

Jiji la Copenhagen lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 lilianzisha taasisi ya kufundisha wapishi wa majiko ya manispaa, ya shule za watoto wadogo, nyumba za wazee na kantini, likalenga asilimia 90 ya chakula hai kufikia 2015, na likafika karibu kabisa na lengo hilo. Lilifanya hivyo bila kupandisha bajeti ya kawaida ya kununulia chakula. Fedha zilitoka ndani ya jiko lenyewe: nyama ilipungua, kunde na mboga za msimu zikaongezeka, vyakula vilivyokwisha kutayarishwa kiwandani vikaachwa, na makombo yakapimwa kila siku hadi yakapungua. Walichogharamia zaidi ni mafunzo ya wapishi. Hali ya Copenhagen si ya Dar es Salaam, lakini hesabu ya jikoni ni ileile.

Tuifanye hapa kwa mfano. Chukua watu 100 kwa sahani ya shilingi 10,000. Mapato ya mpishi ni milioni moja, na tuseme 450,000 zinanunua chakula. Bufee ya ofisi ina wanga wa aina nne na vitoweo vitatu: nyama, kuku na samaki. Mpishi hajui watu watakimbilia kipi, na akiishiwa kuku saa saba na nusu simu zitapigwa, hivyo anapika kila kitoweo kwa watu 60. Hizo ni sahani 180 za kitoweo kwa walaji 100. Kitoweo kimoja kikiondolewa, na viwili vilivyobaki vikapikwa kwa watu 70 kila kimoja, zinakuwa sahani 140. Kwa shilingi 1,500 ya malighafi kwa kila sahani ya kitoweo, kuondoa sahani 40 kunaokoa 60,000. Sasa mboga, kunde, matunda na viungo vya siku hiyo tuseme vinagharimu 100,000. Vikinunuliwa kwa mkulima wa kilimo hai kwa bei iliyo juu kwa asilimia 40, nyongeza ni 40,000. Bei ya sahani haijapanda, na mpishi amebakiwa na shilingi 20,000 za kuongezea mbaazi za nazi mezani, ambazo zitashibisha kuliko kile kitoweo cha tatu.

Najua upinzani utakaotoka hapo. Kwa watu wengi bufee yenye vitoweo viwili inaonekana ya ubahili, hasa akija mgeni kutoka makao makuu. Ni suala la heshima na si la kulipuuza. Nilichoona kinafanya kazi ni kuzidisha mboga na kunde kwa namna nyingi: meza yenye kisamvu, mbaazi, mlenda, bamia na kachumbari ya embe bichi haionekani tupu hata kidogo, na mgeni wa makao makuu hupiga picha hizo kabla ya kupiga picha ya kuku.

Idadi ya walaji inaharibu zaidi ya watu wanavyodhani. Afisa anasema 120 ili asiaibike, wanakuja 85, na chakula cha watu 35 kinalipiwa na kumwagwa au kugawiwa kiholela. Kwa bidhaa za sokoni hasara hiyo inavumilika kwa sababu ni za bei ya chini. Kwa mazao hai haivumiliki, na mpishi akiumia mara mbili hurudi sokoni kimyakimya. Ofisi ikiwa na utaratibu wa wafanyakazi kujiandikisha siku mbili kabla, hata kwenye kundi la WhatsApp, mpishi anaweza kumpigia mkulima akamwambia avune kilo ngapi. Mboga za majani zilizovunwa kwa simu hufika mbichi na hazina sababu ya kulala kwa dalali.

Nimefikia malipo, na hapa ndipo nina hasira kidogo. Ofisi kubwa, zenye fedha benki, humlipa mpishi baada ya miezi miwili au mitatu na kuita huo ni utaratibu. Mpishi naye anaishi kwa mkopo wa wauzaji wa Kariakoo wanaomvumilia hadi hundi itoke. Mkulima wa kilimo hai hawezi kuwa benki ya ofisi ya Masaki. Kikundi cha akina mama wanaolima miteremko ya Uluguru kinahitaji fedha siku ya mavuno au wiki hiyohiyo, la sivyo Jumamosi mzigo unapelekwa mnadani kwa bei yoyote na kuchanganywa na wa watu wengine. Mteja anayesema anathamini kilimo hai halafu analipa baada ya siku 90 amekwisha kumfukuza mkulima huyo mezani pake, hata kama hajui. Malipo ya awali ya asilimia 30 kila mwezi, na salio ndani ya siku 14, yangefanya zaidi ya semina kumi. Liko pia suala la risiti. Mkulima mmoja mmoja hana mashine ya EFD, na mhasibu wa ofisi anaitaka. Njia inayofaa ni kununua kwa kikundi au ushirika uliosajiliwa, wenye namba ya mlipakodi na akaunti. Morogoro, ambako shirika la Sustainable Agriculture Tanzania limefundisha wakulima kilimo hai kwa zaidi ya miaka kumi, iko kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam kwa lami. Umbali si kisingizio.

Na mteja atahakikishaje? Alama na cheti ni mwanzo. Kwa soko la ndani, EAS 456 inatambua mfumo shirikishi wa uthibitisho, ambao wakulima wa kikundi kimoja hukaguana mashamba yao wenyewe, huandika kumbukumbu na kuwaalika wanunuzi waje kuona. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kampuni ya ukaguzi kutoka nje, na ofisi inaweza kumtuma mtu wake akashiriki. Cheti kisomwe: kina jina la kikundi, kina orodha ya mazao, kina mwaka. Cheti cha karafuu hakithibitishi kabichi.

Lakini kipimo ninachokipenda ni hesabu ya kilo, na hakihitaji maabara. Mchicha hunywea sana ukipikwa, kwa hiyo sahani ya mtu mmoja huhitaji karibu gramu 200 za mchicha mbichi uliochambuliwa. Walaji 200 ni kilo 40. Kama ankara ya kikundi cha wakulima inaonyesha kilo 12, basi kilo 28 zilitoka mahali pengine, na kibao mezani kinasema uongo. Wakaguzi wa kilimo hai duniani kote hutumia hesabu hii kulinganisha kilichonunuliwa na kilichouzwa. Afisa yeyote wa ununuzi anaweza kuifanya kwa kalamu, mara moja kwa mwezi, kwa zao lolote atakalolichagua bila taarifa.

Yote hayo yakitimia, bado kuna hatari ambayo wapenzi wa chakula hai hawapendi kuizungumzia: chakula hai na chakula salama ni vitu viwili. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwamo kwenye mahindi. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hawajali kama shamba lilipuliziwa dawa au la. Wanafuata unyevu, mavuno yaliyoanikwa chini na ghala lisilopitisha hewa vizuri. Karanga za kuungia kisamvu zinahitaji kupimwa au angalau kuchambuliwa moja moja, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, hata kama zina cheti cha kilimo hai. Ujerumani mwaka 2011 ilipata mlipuko wa bakteria wa E. coli uliowaua zaidi ya watu 50, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye chipukizi za uwatu kutoka shamba la kilimo hai. Mboga zilizokuzwa kwa samadi ambayo haijaiva ni hatari ikiwa zitaliwa mbichi. Nimesikia mara nyingi mhudumu akisema saladi haihitaji kuoshwa sana kwa sababu haina dawa. Inahitaji kuoshwa vilevile, pengine zaidi.

Bufee yenyewe ina udhaifu wake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 za selsiasi na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali uliopikwa saa tatu asubuhi, ukasafiri kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, ukafunguliwa saa saba na kukaa wazi hadi saa tisa, umekwisha kuvunja ushauri huo kama hotpoti haikushika joto. Kuna bakteria wa wali ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na sumu anayoitoa haiondoki kwa kupasha moto tena. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula ni kifaa kidogo. Kila mkataba ukidai kiwepo na joto liandikwe chakula kinapofika na saa moja baadaye, tutaokoa matumbo mengi.

Serikali nayo ina nafasi yake, na ni kubwa kuliko semina. Novemba 2023 ilizindua Dodoma Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, wa mwaka 2023 hadi 2030. Mkakati wa uzalishaji usio na mnunuzi wa ndani utaishia kuongeza mauzo ya nje, na hilo si baya, lakini mfanyakazi wa wizara iliyouandika ataendelea kula nyanya yenye vumbi jeupe. Tumeona jinsi agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa lilivyosukuma majiko ya shule na magereza kuhamia gesi na nishati nyingine. Jiko la taasisi hubadilika likipewa sharti lililo wazi na muda wa kulitekeleza. Sharti la asilimia 20 ya mboga na kunde kutoka kwa vikundi vya kilimo hai, kwa kantini za wizara zilizoko Mtumba peke yake, lingewapa wakulima wa Dodoma, Singida na Morogoro soko ambalo hawajawahi kuwa nalo.

Wewe unayeandaa zabuni ya chakula cha ofisi yako, usingoje agizo hilo. Andika asilimia unayoweza kuifikia kweli, hata kama ni 15. Andika "mboga na tunda la msimu". Ondoa kitoweo kimoja, weka siku 14 za malipo, dai ankara za kikundi na hesabu ya kilo. Na uifanye kazi hiyo mapema. Mikataba mingi huanza Julai mosi pamoja na mwaka wa fedha, zabuni hutangazwa Mei, na karoti ya kuvunwa Julai hupandwa Aprili.